Gari linapiga moshi halafu haliendi: tairi lako linateleza wapi?

Haya, habari za nyumbani? Shikamooni wakubwa zangu, na nyie wadogo mambo vipi. Leo mnaniona nimekaa chini kabisa, mgongo nimeuegemeza kwenye rimu. Hizo kelele nyuma yangu ni injini za watu. Nipo eneo la kutengenezea magari, kwenye mbio za dragi, zile za mstari mnyoofu: magari mawili, taa ya kijani, robo maili, yaani mita 402, basi.

Hili gari mnaloliona lilinitia aibu msimu mzima. Taa inawaka, nakanyaga, nyuma moshi mzito, na jirani wa njia ya pili ameshaondoka zake. Mimi bado nipo palepale napiga kelele. Nikafanya wanachofanya wengi, nikasema tatizo ni tairi dogo. Nikanunua pana zaidi. Likateleza vilevile, tofauti ni kwamba sasa hela yangu ndiyo ilikuwa inatoa moshi.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja tuliyepaki jirani. Aliniuliza swali moja tu: "Linateleza wapi?" Nikamjibu, si nyuma! Akacheka sana. Alichotaka kujua ni kama linateleza pale pale ninapokanyaga, au baada ya mita mbili tatu, au ninapoingiza gia ya pili. Maana kila sehemu ina ugonjwa wake. Akachukua simu, akaiweka chini kando ya mstari wa kuondokea, inaangalia tairi la nyuma, ikirekodi mwendo wa polepole.

Sasa sogeeni, niwaonyeshe tulichokiona. Ona hapa, nguvu inafika, ubavu wa tairi unakunjamana kama soksi iliyoshuka. Hapo ni pazuri, tairi limeuma. Halafu angalia nafasi kati ya tairi na fenda. Inafunguka ghafla! Bodi inanyanyuka, kidole kimoja, viwili, kiganja kizima. Wakati bodi inapanda hivyo, tairi linakandamizwa chini. Lakini shokapu ina mwisho wake. Ikifika mwisho inagonga, mkandamizo unakatika, na hapohapo, simamisha video, tairi linaanza kuzunguka bure. Kumbe mwanzo lilikuwa limeshika! Lilinitoka baada ya mita mbili, na mimi nikiwa ndani nilidhani limeteleza toka mwanzo.

Dawa yake haikuwa tairi. Shokapu zangu za nyuma zina kitufe cha kuzungusha. Nilikaza upande wa kufunguka, yaani shokapu inaporefuka, hatua mbili tu, bodi ikawa inapanda taratibu na tairi linabaki limekandamizwa muda mrefu zaidi. Kama gari lako lina matundu ya kuhamishia mikono ya ekseli, unaweza pia kupunguza huko kupanda kwa kuhamisha tundu moja. Mbele nako usisahau. Shokapu za mbele zinatakiwa ziachie haraka ili pua ipande na uzito uhamie nyuma, ila zikiachia kupita kiasi nazo zitagonga mwisho na kulirusha gari.

Kuna wenye tatizo la kinyume, gari linakalia makalio, tairi linazama ndani ya fenda. Kwenye picha linapendeza mno! Lakini mwanzo huo unabonyeza springi wakati ulitaka ukandamize tairi.

Tuje kwenye upepo. Hapa watu wanabishana mpaka jioni. Mimi nina radiali za dragi, matairi ya mbio hizi ambayo nyuzi zake za ndani zinakatiza moja kwa moja, najaza upepo 17 (psi), nikibadilisha nabadilisha nusu tu, kwa geji ya upepo mdogo, ile inayoishia 30. Geji ya kawaida ya gari la mtaani haitakuonyesha nusu. Yale matairi laini yasiyo na kashata, yaani yale meno ya juu ya tairi, na yenye nyuzi za mshazari, ubavu wake unajikunja zaidi na yanavumilia kuteleza kidogo. Radiali ikishateleza mara moja, mara nyingi hairudi tena, bora uachie mguu. Na upepo ukishusha sana, gari litakuyumbia mwisho wa njia, ukiwa na kasi, na hapo hakuna mtu anataka kuyumba.

Soma alama. Mkiondoka, msaidizi wako aangalie mistari miwili mliyoiacha. Kama kingo ni nyeusi na katikati pamefifia, upepo ni mdogo. Katikati nyeusi peke yake, umejaza sana. Nyeusi sawasawa, usiguse. Na kitu kidogo kilichonisumbua wiki nzima: gari likisimama juani upande mmoja, tairi la upande huo linapata joto na upepo wake unapanda. Unapima kushoto na kulia hazifanani, unaanza kulaumu geji. Mimi sasa nafunika kwa taulo.

Je, alama ya kulia ikiwa hafifu na ya kushoto nzito? Propela inapozungusha difu, kwenye ekseli ya nyuma ya kipande kimoja, ekseli yenyewe inataka kujizungusha nayo: inakandamiza tairi la kushoto na kulinyanyua la kulia. Ndiyo maana watu wanaweka mfuko wa hewa ndani ya springi ya kulia, au wanafunga fimbo ya kuzuia bodi isilale upande. Lakini kabla ya hayo hakikisha difu yako inafunga magurudumu yote mawili. Kama haifungi, mengine yote niliyosema ni kupoteza muda.

Kupasha tairi nitapita haraka. Pita kwenye maji, yale yanayomwagwa nyuma ya mstari, sogea mbele kidogo, ndipo uzungushe, usizungushie ndani ya maji. Radiali ikianza kutoa moshi mwepesi, inatosha. Kama una tairi lenye kashata, yakwepe maji kabisa, pita pembeni, zile kashata zitayabeba mpaka kwenye mstari.

Na wale mnaoteleza pale pale mnapokanyaga, najua hamtapenda hili: punguzeni raundi za injini za kuondokea. Mimi nilikuwa naondoka na 4,500, nikashuka 3,800. Futi 60 za mwanzo, kama mita 18, nilikuwa nazifanya kwa sekunde 2.0, zikawa 1.7. Injini ile ile. Anayeteleza kwenye gia ya pili apunguze nguvu pale pale gia inapoingia, kwa kuchelewesha kidogo cheche za plagi, mwanzo asiuguse.

Halafu haya yote nayasema kwenye njia iliyofungwa na iliyopakwa gundi ya kushikisha matairi. Kwenye lami kavu yenye vumbi, bila gundi, namba zangu hazitakufaa: anza na raundi za chini zaidi, na fagia pale unaposimama. Badilisha kitu kimoja kwa kila safari na uandike, kwenye daftari, maana kichwa kitakudanganya.

Eeh, naona wanaita foleni yetu. Jua limeshuka, lami imepoa kidogo, nimekaza hatua moja zaidi upande wa kufunguka, sijui itakuwaje. Simu naiacha hapa chini kando ya mstari. Hamtaiona sura yangu, angalieni ile nafasi ya fenda.