Ukocha wa Voliboli ya Wasichana Vyuoni Marekani: Nawajibu Mnaouliza

Habari zenu wapendwa. Kila nikipandisha video swali ni lilelile: "Dada, tuelekeze njia ya ukocha wa voliboli ya wasichana vyuoni huko." Nikijibu, wapo watakaosema naringa. Nikitaja ugumu, wengine watasema nawafungia mlango. Nitasema yalivyo, kila mtu apime kwa hali yake.

Mlango wa wengi ni ukocha msaidizi wa mwanafunzi: unasoma uzamili, unaitumikia timu saa 20 kwa wiki, chuo kinakusamehe ada na kukupa posho. Barua ya ofa isome mstari kwa mstari. Mara nyingi kinachosamehewa ni ada ya masomo tu. Bima ya afya na michango mingine ni juu yako, na posho huwa ya miezi 9 au 10. Pengo hilo huandikwa kwenye I-20, fomu ya chuo unayoombea viza ya mwanafunzi, na lazima uoneshe kuwa fedha zake unazo benki. Wengi hukwama hapo, wameshaaga hadi majirani. Tena kocha hana mamlaka ya kukudahili. Maombi ya shule ya uzamili yanakwenda kivyake.

Makocha wanatafuta nini? Mtu wa takwimu. Jifunze DataVolley, programu ya kurekodi takwimu za mechi. Mpira ukiwa hewani unaandika 12R#, yaani namba 12 amepokea sevu na pasi imefika kamili; alama ya = ni kosa. Chukua mechi nzima ya NCAA, chama cha michezo ya vyuo, iandike, ambatisha faili kwenye barua pepe yako. Tuma kuanzia Desemba, msimu ukiisha, ndipo benchi za ufundi hupanguliwa. Nafasi hutangazwa wazi kwenye tovuti za NCAA na AVCA, chama cha makocha wa voliboli, kwa hiyo wakala anayekudai pesa "akuunganishe" anakula jasho lako bure. Hao wananiuma sana.

Halafu kambi za kiangazi. Zinafanyika ukumbi wa chuo, ila nyingi ni kampuni binafsi ya kocha mkuu. Kwa viza ya F-1, yaani ya mwanafunzi, malipo ya kampuni hiyo ni kazi ya nje ya chuo. Bila kibali umevunja masharti. Klabu za watoto vilevile, hata wakikulipa taslimu. Kamuulize afisa wa wanafunzi wa kigeni kwanza, jibu lake liwe kwa maandishi.

Ukihitimu una OPT, kibali cha kufanya kazi ya fani uliyosomea, ya miezi 12, na ukikaa bila kazi siku 90 kwa jumla, imekwisha. Baada yake ni H-1B, viza ya kazi ambayo mwajiri ndiye anakuombea. Chuo cha umma au kisicho cha faida hakikuingizi kwenye bahati nasibu ya kila mwaka ya viza hizo, hiyo ni nafuu kubwa. Lakini kocha mkuu akifukuzwa, anayekuja huleta watu wake, na wewe una siku 60 tu za kupata mwajiri mwingine au kufungasha. Kabla ya kusaini, uliza mkataba wa kocha mkuu unaisha mwaka gani.