Kaniki ya Siti

Walimu wangu, shikamooni. Wadogo zangu, habari za mchana.

Mimi nimetoka Makunduchi, kusini mwa Unguja, na ninataka kuanza na mwanamke wa kijiji cha Fumba, hukohuko Unguja. Alizaliwa mnamo 1880, binti wa wafinyanzi. Alikuwa akijitwika vyungu na kwenda kuvinadi, na watu waliijua sauti yake kabla hawajamwona. Mwaka 1911 akahamia mjini Zanzibar. Huyo ndiye Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu.

Mjini wakamsema. Wakamsema sura, wakamsema asili. Wakamtungia na wimbo wa kumkumbusha kwamba alikuja na kaniki, nguo ya watumwa na maskini, na lau si sauti angekufa njaa.

Sasa tusidanganyane: Siti alibadilika. Kaniki aliivua. Aliketi na mafundi akafundishwa, akaimba Kiarabu, maana taarabu ya jumba la Sultani ilikuwa ya Kiarabu. Anayewaambia kwamba ukweli wa mtu ni kubaki vilevile alivyotoka kwao, msimsikilize. Kujifunza si kujikana.

Angeweza kuishia kwenye Kiarabu, wakubwa wampende, basi. Lakini mwaka 1928 alipopanda meli kwenda Bombay kurekodi santuri, alikwenda na Kiswahili. Aliimba habari za wanyonge wa Ng'ambo, upande wa maskini wa mji, za wanawake waliodhulumiwa, hata za muuaji aliyetoroka na mahakama iliyowafunga mashahidi. Na waliomcheka aliwajibu kwa wimbo: uzuri na ukoo si hoja, hasara ni kukosa akili.

Nawaambia haya kwa sababu mimi nilishindwa. Nilipofika chuoni Bara, wenzangu walikuwa wakiigiza Kimakunduchi ili kuchekesha. Hiyo ndiyo lugha ya mama yangu. Nami nilicheka kuliko wote, nipate kukaa nao meza moja. Walinipenda, sikatai. Ila waliyempenda ni yule mchekaji; mimi hawakuwahi kunijua, na miaka ile mitatu nilikuwa mpweke ajabu katikati ya marafiki. Mama akipiga simu, natoka nje. Siku moja akaniuliza, "Mwanangu, mbona kila nikikupigia nasikia upepo?" Sikuwa na jibu.

Leo asubuhi amenipigia nikiwa kwenye daladala, watu tumebanana. Nimeongea naye Kimakunduchi, kwa sauti, mpaka nikashuka hapo getini kwenu.