Lovely Runner: nimefika mpaka getini kwa kina Sun-jae, sasa tuongee

Haya, mnanisikia? Upepo mwingi, ngoja nisogee ukutani. Wakubwa shikamooni, wadogo zangu mambo! Leo sipo chumbani na lile pazia mlilolichoka. Nipo Suwon, Korea Kusini, mtaa wa Haenggung-dong, ndani ya ukuta wa ngome ya Hwaseong. Na hilo geti la bluu nyuma yangu... wenye macho wameshajua. Ndiyo, kwa kina Sun-jae, yule kijana wa tamthilia ya Kikorea ya Lovely Runner! Nyumba ya kina Sol, binti wa tamthilia hiyo hiyo, nayo ni hapa hapa karibu, siku hizi mkahawa. Naongea polepole maana huku wanaishi watu, sitaki bibi wa watu atoke na ufagio.

Toka 2024 mnaniuliza jambo moja: dada, hii sizoni tuimalizie bando au tuiache? Nilikuwa nawakwepa. Leo nitajibu, na nitapasua siri, kwa hiyo kama hujaiona na hupendi kuhadithiwa, tuonane video ijayo.

Kwa wageni. Ilirushwa na tvN, runinga ya huku Korea, Aprili na Mei 2024, episodi 16, Jumatatu na Jumanne. Im Sol ni dada anayetumia kiti cha magurudumu tangu ajali ya ujana wake. Kinachompa nguvu ya kuamka ni mwanamuziki mmoja, Ryu Sun-jae wa bendi ya Eclipse. Siku Sun-jae anapofariki, Sol ana saa ya mkononi iliyokuwa ya Sun-jae, aliyoinunua mnadani. Inapogonga saa sita kamili usiku, inamrudisha 2008, wakati yeye na Sun-jae ni wanafunzi na ni majirani. Kazi yake sasa ni kumwokoa.

Jina lake la Kikorea ni tamu kuliko hilo la Kiingereza. Ni kama kusema: mbebe Sun-jae mgongoni utoroke naye. Sasa Wakorea nao wana kitambaa cha kumfungia mtoto mgongoni, mbeleko kabisa. Kwa hiyo picha ya kichwani ni binti mfupi kamfunga mgongoni mwanaume mrefu kama mnazi, huyoo anakimbia. Ukilielewa hilo utaelewa kwa nini watu walicheka kabla hata ya kuanza kulia.

Halafu kuna kitu nadhani sisi Waswahili tu ndio tunakiona. Korea iko mbele ya nyumbani kwa saa 6, na sisi saa zetu tunaanza kuhesabu jua linapochomoza. Matokeo yake, namba kwenye simu yangu huku ndiyo saa anayoitaja mama kule. Akisema saa mbili usiku, simu yangu inaandika 2. Saa ya Sol inapofika 12 usiku wa manane, nyumbani ni saa kumi na mbili jioni, magharibi inaadhiniwa, kuku wanaingia bandani. Ndiyo maana kila Sol akibonyeza ile saa mimi nanusa moshi wa mkaa. Msinicheke.

Uzuri wake. Wengi wenu mliniandikia kwamba Sun-jae ni mzuri. Sawa, tumeona, Byeon Woo-seok anayemwigiza Mungu alimpendelea. Ila anayeibeba sizoni hii ni Kim Hye-yoon, anayemwigiza Sol. Mtazameni akiwa kavaa sare ya shule huku ndani ya ule mwili kuna mwanamke wa miaka zaidi ya 30. Anapomwona Sun-jae mara ya kwanza 2008, mzima, maji ya bwawa la kuogelea yanamchuruzika, hamrukii kwa furaha ya kishabiki. Anamkumbatia na kulia kama mtu aliyemkuta marehemu wake sokoni. Kijana wa watu anabaki kaduwaa. Hamjui huyu! Au ndivyo tunavyodhani.

Maana mwisho wa episodi ya pili meza inapinduka. Kumbe Sun-jae ndiye aliyeanza kumpenda, zamani, siku ya mvua, Sol alipomkimbilia na mwavuli wa njano akidhani ni mtu wa kuleta vifurushi. Muda wote tulidhani tunatazama shabiki anayemkimbiza staa, kumbe staa alikuwa amesimama dirishani miaka yote hiyo akishindwa kuvuka barabara kusema neno moja. Hapo ndipo nilipokamatika. Kama utafika hapo na moyo wako haujashtuka, zima, kalale, siyo yako.

Na 2008 yenyewe wameipika vizuri. Simu za kukunja, vipokea sauti vya waya, mama yake Sol na duka lake la kukodisha filamu. Sisi wakati huo tuko hi5, ule mtandao wa kijamii, tunaandika wasifu kwa herufi za ajabu, na kanda ukichelewa kurudisha unapigwa faini. Nilitazama lile duka nikamkumbuka yule kaka wa laibrari ya mtaani kwetu, jinsi alivyokuwa anaipulizia CD kama uji wa moto.

Ubaya sasa. Muuaji. Jamani, yule dereva teksi! Hatuambiwi ametoka wapi, anataka nini, kwa nini Sol na siyo mwingine. Mapenzi yakipoa kidogo, teksi inatokea. Mwandishi akikwama, teksi. Polisi wanamkamata, anawaponyoka, unarudi palepale. Nilifika mahali nikaacha kumwogopa, nikawa namwonea huruma kwa kazi nyingi.

Kanuni za safari nazo zinayumba. Mwanzoni ni kali na nilizipenda: Sol akijaribu kumwambia mtu yatakayotokea, muda unaganda, maneno hayatoki. Baadaye kumbukumbu zinafutika, halafu zinamrudia Sun-jae kwa sababu... kwa sababu anapenda sana, nadhani. Na bibi yake Sol anaongea kana kwamba anajua kila kitu, tunaachwa tubahatishe. Tamati ilishindwa kufika asilimia 6 ya watazamaji wa runinga huku, lakini mitandaoni na mitaani ilikuwa ni yenyewe tu, na wimbo wa Eclipse uitwao "Sonagi", yaani mvua ya ghafla, ukapanda chati za kweli wakati bendi yenyewe ni ya kubuni. Sasa mimi nani wa kuwabishia.

Ila kuna moja sijaimeza. Mdogo wangu wa kike anatumia kiti cha magurudumu. Niliangalia naye episodi ya kwanza kwa simu, mimi huku, yeye Morogoro. Pale Sol anapokwama darajani usiku, theluji inadondoka, kiti kimezima, alisema, "Ngoja, rudisha." Tukarudisha mara tatu. Akaniambia hajawahi kuona tamthilia ikionyesha ile hasira ndogo ya betri kuisha, watu wanapita, na wewe unajifanya umesimama kwa kupenda. Sun-jae akashuka kwenye gari. Mdogo wangu kimya.

Baada ya hapo Sol anarudi 2008, anatembea, anakimbia, ajali inakwepwa, na kile kiti hatukioni tena kwenye mapenzi yao. Tulipomaliza akaniuliza, "Kwa hiyo ilibidi apone kwanza?" Nikamwambia hapana, si umeona alimpenda tangu zamani? Akajibu, "Nimeona. Nilitaka nimwone akimpenda pale darajani, mpaka asubuhi."

Sikuwa na jibu. Ningewaambia tatizo la sizoni ni teksi tu, na bado ningekuwa nasema kweli, lakini hilo ndilo linalonirudia nikiwa kwenye basi.

Kwa hiyo bando mkaliunguze, mimi nimeshairudia mara mbili. Mdogo wangu anarudia ya kwanza peke yake, zilizobaki hazitaki. Juzi kanitumia sauti: nikamchukulie video ya lile daraja, usiku, kukiwa na theluji, isiwe na mtu. Bado haijadondoka. Nasubiri.