Breki ya mbele si adui yako

Karibuni tena. Leo kazi ni moja: kusimamisha pikipiki ghafla bila kuanguka. Wengi tumeambiwa tuikwepe breki ya mbele, eti itakurusha. Mimi pia niliamini hivyo, nikawa nategemea breki ya mguu tu, hadi siku tairi la nyuma lilipojifunga na pikipiki ikanigeukia ubavu.

Helmeti imefungwa? Haya. Tafuta uwanja wa lami, mkavu, usio na magari.

Tazama shokapu za mbele. Nikifunga breki zinazama, maana uzito mwingi unakimbilia mbele. Tairi la mbele limekandamizwa chini, linashika vizuri. La nyuma limebaki jepesi, ukilikanyagia sana linaserereka.

Sasa uangalie mkono wangu wa kulia. Vidole viwili juu ya breki. Naanza kwa kugusa tu. Shokapu zikishazama, ndipo nakaza, taratibu lakini bila kuacha, kama unayekamua kitambaa kilicholoa. Kosa ni kuinyakua breki kabla tairi halijabeba uzito. Mguu unasaidia kidogo, klachi umeishika, magoti yamebana tangi, macho yako mbali. Ukiangalia chini utaenda chini, nimeshaona mara nyingi.

Anza na kilomita 20 kwa saa. Rudia mpaka mkono uzoee, ndipo upande hadi 30, kisha 40. Usiwe na haraka: ukiongeza mwendo mara mbili, umbali wa kusimama kwa breki unakuwa kama mara nne. Kwenye 60 unapita karibu mita 17 kila sekunde, na kidole bado hakijagusa breki.

Barabarani, breki zifungwe kabla ya kona, pikipiki ikiwa wima. Ukishalala kwenye kona halafu ukakuta mchanga, tairi halina ziada ya kukupa. Mvua ikianza tu, mafuta na vumbi vinapanda juu ya lami na kuteleza vibaya. Rangi nyeupe za alama na vifuniko vya chuma navyo ni hivyo hivyo: pita umenyooka, usiguse breki, usivute mafuta.

Na tairi la mbele likijifunga? Usukani utakuwa mwepesi ghafla. Achia breki papo hapo, tairi lizunguke, kisha kaza upya. Jizoeze kuachia kama unavyojizoeza kukaza.