Kusikiliza Bati kutoka Ndani: Maikrofoni ya Kugusa

ZUHURA: Karibuni tena. Leo ni maikrofoni ya kugusa, ile inayochukua mtikisiko wa kitu chenyewe badala ya hewa. Kaka Mwita, wengi huitengeneza, huichomeka, hupata sauti nyembamba kama redio iliyoishiwa betri, basi huitupa.

MWITA: Wanaionea, dada. Kosa limo kwenye tundu. Kisahani cha piezo, yaani kile cha shaba na kauri kinachogeuza mtikisiko kuwa umeme, cha milimita 27, kina kapasitansi (uwezo wa kuhifadhi chaji) ya nanofaradi 20 hivi. Ukikichomeka kwenye tundu la laini, lile la kawaida la kuingizia sauti ya vifaa vingine, lenye ukinzani wa kiloomu 10, viwili hivyo vinageuka chujio: kila kilicho chini ya hezi 800 kinafifia. Besi imekwenda! Chomeka kwenye tundu la gitaa, la megaomu 1, mpaka huo unashuka hadi hezi 8.

ZUHURA: Na rekoda isiyo na tundu la gitaa?

MWITA: Weka kikuza sauti kidogo cha JFET, aina ya transista, katikati, karibu na kisahani. Waya mrefu kabla ya hapo unaokota mvumo wa umeme wa hezi 50.

ZUHURA: Kulehemu je? Visahani vingi hufia hapo.

MWITA: Waya wa kinga uende kwenye shaba, wa kati kwenye duara jeupe. Tia risasi kwenye ncha ya waya kwanza, halafu gusa duara sekunde moja, mbili zikizidi, uondoe. Ukikawia, utando wa fedha juu ya kauri unabanduka, na risasi haishiki tena. Kisha zungushia utepe wa umeme, na juu yake foili iliyounganishwa na shaba. Foili ikigusa duara jeupe, utapata kimya kitupu.

ZUHURA: Sasa mvua juu ya bati. Kisahani kikae wapi?

MWITA: Si kwenye bati. Tone likianguka karibu, sauti inapasuka. Kibane kwenye papi, chini ya bati: mbao inapunguza ukali, na misumari inakuletea mvua ya paa zima. Tumia jibano. Utepe wenye sponji unameza sauti za juu. Waya nao ufungwe kwenye mbao hiyohiyo, maana ukibembea, unarekodiwa.

ZUHURA: Viwango?

MWITA: Biti 24, vilele visizidi desibeli 12 chini ya sifuri, yaani chini ya kikomo cha rekoda, na kilohezi 96 za sampuli. Ukirekodi kwa 48 kisha ukapunguza mwendo nusu ili kupata sauti nzito ya mchezo wa kuigiza, juu ya kilohezi 12 hakuna kitu, sauti inakuwa butu. Kwa 96, matone yanageuka hatua za mtu mzito ghorofani, na bado yana makali.

ZUHURA: Kuna mlio fulani wa kukwaruza unaobaki.

MWITA: Huo ni wa kisahani chenyewe, kwa kawaida kati ya kilohezi 4 na 5. Ukate kwa ikwalaiza, kirekebishi cha masafa ya sauti, kabla ya kupunguza mwendo. Ukichelewa, utakuwa umeshuka hadi kilohezi 2 na ushei, palepale yanapokaa maneno ya mwigizaji.