Jinsi ya kunakili picha ya Struyskaya kwa rangi za mafuta

Karibuni tena, wapenzi watazamaji. Leo tunanakili picha ya Aleksandra Struyskaya, kazi ya mchoraji Mrusi Fyodor Rokotov ya mwaka 1772. Yenyewe iko Moscow, kwenye nyumba ya sanaa ya Tretyakov, na si kubwa: kama sentimita 60 kwa 48. Bibi huyu alikuwa na miaka 18, ndiyo kwanza ameolewa na mwenye mashamba aliyependa mno kutunga mashairi. Ifungueni kwenye skrini, muikuze. Leo tutatazama zaidi kuliko tutakavyopaka.

Kwanza, kanvasi isibaki nyeupe. Chukua kahawia ya udongo, izimue kwa tapentaini mpaka iwe kama chai ya rangi, pakaza kanvasi nzima kwa kitambaa, uiache ikauke. Uso wa Struyskaya unatoka gizani, kwa hiyo giza lazima litangulie.

Sasa kwa brashi nyembamba weka alama chache tu: kilele cha nywele zile za juu, kidevu, bega. Taya usiichore mstari.

Changanya nyeupe, manjano ya udongo na nyekundu kidogo sana. Anza na paji la uso, shuka shavuni, kisha kifuani. Kwenye kivuli tia kijivu chenye ukijani kwa mbali.

Hapa twende polepole, maana ndipo Rokotov alipo. Kabla rangi haijakauka, shika brashi laini, kavu, uipitishe pale shavu linapokutana na nywele. Isikwangue, ipapase tu. Tazameni… umeona ukingo unavyoyeyuka? Fanya hivyo hivyo begani, na kwenye pembe za mdomo. Kwa sababu ya pembe hizo huwezi kusema kama anataka kutabasamu au amejizuia.

Macho nayo, tafadhali, msiyazungushie wanja. Mimi nilifanya hivyo mara ya kwanza, akawa mtu mwingine kabisa, mkali, na ikabidi nifute uso wote. Sogea karibu: kope hazina mstari, ni kivuli kinachoingia kwenye kivuli. Weka doa dogo la mwanga, kisha ondoa mkono.

Uso ukikauka, njoo kwenye gauni la rangi ya majivu na kitambaa cha dhahabu kilichoangushwa juu yake. Tumia brashi pana, mkono mwepesi, wala usihesabu mikunjo. Safari hii ongeza mafuta ya kitani kwenye rangi. Tabaka la juu siku zote liwe na mafuta mengi kuliko la chini. Ukigeuza, la chini litaendelea kukauka na kujikunja, na la juu litapasuka.

Vanishi bado. Igeuzie picha ukutani isishike vumbi, na baada ya miezi sita tutaipaka pamoja.