Mkonge, reli na bei inayopangwa mbali

Ndugu zangu, tukizungumzia utandawazi wengi hukimbilia simu na intaneti. Mimi naomba tuanze na mkonge.

Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Ilipitia Hamburg, na iliyofika Pangani ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Huo ndio mwanzo wa mashamba yote ya mkonge mnayoyaona kutoka Tanga hadi Morogoro. Mwaka huohuo reli ilianza kujengwa kutoka bandari ya Tanga kwenda bara. Ikafika Moshi mwaka 1911. Nayo Reli ya Kati ikajengwa kutoka Dar es Salaam. Reli hizi mbili, ndani ya nchi moja, hazikuunganishwa mpaka mwaka 1963, tulipokwisha kujitawala, kwa kipande cha Ruvu hadi Mnyusi. Mkoloni hakuwa na haja ya kuziunganisha. Kila moja ilishusha mzigo melini, basi.

Na nguvu kazi? Manamba, yaani vibarua wa mkataba. Waliletwa kutoka Kigoma, Njombe, Burundi, Msumbiji. Mtu alipewa kipande, yaani kadi ya kazi, cha siku 30 akimalize ndani ya siku 42, anakata majani yenye miiba na kuyafunga mafungu ya thelathini thelathini, yapelekwe korona, yaani kiwanda cha kuchakata mkonge, kutolewa katani, nyuzi za kutengenezea kamba. Kodi ndiyo iliyomsukuma atoke kwao, kwa sababu serikali ilitaka fedha taslimu na kijijini fedha haikuwepo. Naomba hili tulisisitize: soko hili halikujileta lenyewe, liliundwa kwa amri.

Uhuru ulipokuja tulikuwa wa kwanza duniani kwa mkonge. Mwaka 1964 tulizalisha zaidi ya tani 200,000. Kisha bei ikaporomoka, kamba za plastiki zikaingia sokoni, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa na kauli katika hilo. Tulitaifisha mashamba mengi mwaka 1967, lakini bei hatukuweza kuitaifisha. Yapo makosa yetu ya uendeshaji, na mimi siyafichi. Ila hata meneja hodari kuliko wote asingeweza kuizuia bei ile isianguke.

Fedha za kigeni zilipokauka, likaja Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, na masharti yake. Mwaka 1980 Mwalimu Nyerere aliwauliza mabalozi tangu lini shirika hilo limekuwa wizara ya fedha ya dunia. Mwaka 1986 tulitia saini. Shilingi ikashushwa thamani, na huduma za jamii zikabanwa.

Kwa hiyo mkataba wa madini au wa bandari ukiletwa leo, mimi siulizi kwanza mwekezaji analeta dola ngapi. Nauliza bei itapangwa wapi, mali itasindikwa wapi, na nani ana haki ya kuvunja mkataba mambo yakiharibika.

Wapo humu ukumbini wazee waliofanya kazi korona. Kabla ya maswali ya wanafunzi, ningeomba wao waanze kuzungumza.